Siku moja kwenye kliniki ya kifua, Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko foleni ya feri, Likoni. Saa moja unusu nishafungua chumba. Kazi ya kwanza ni kukagua spirometa, mashine ya kupima pumzi, kwa bomba la kusukuma hewa la lita 3, maana mashine ikidanganya asubuhi itadanganya kutwa.

Saa mbili anaingia mama aliyekaanga viazi karai na mahamri kwa makaa tangu ujanani. Sigara hajaigusa. Nambana pua kwa kibanio. "Mama, vuta hewa hadi kifua kijae, fumbata bomba kwa midomo, haya puliza! Puliza, usiache, bado, bado!" Anapuliza hadi machozi yanamtoka. "Mwanangu, pumzi zimekwisha." Namwona, lakini nataka mipulizo mitatu inayofanana. Kisha inhela ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mikrogramu 400, tunangoja dakika 15, tunarudia. Hewa ya sekunde ya kwanza, ukiigawa kwa yote aliyotoa, haifiki 0.70. Njia za hewa zimebana na dawa haikuzifungua vya kutosha: dalili ya COPD, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa.

Saa tano namtoa damu tuhesabu eosinofili, chembe nyeupe zinazochochea uvimbe kifuani. Kwa COPD, hesabu hiyo ndiyo mlango wa sindano za kingamwili, kama dupilumab. Dupilumab huziba kipokezi ambacho interlukini 4 na 13, kemikali za mwili zinazopeleka ujumbe kati ya chembe, hukitumia kuwasha uvimbe. Utafiti wa BOREAS, uliochapishwa 2023, ulikuwa na wagonjwa 939 wa COPD wenye eosinofili 300 au zaidi kwa mikrolita ya damu, wote wakiendelea na inhela zao. Waliochomwa dawa hiyo kila wiki mbili kwa mwaka walizidiwa na ugonjwa mara chache zaidi, kwa asilimia 30, kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Ila huku Pwani minyoo na kichocho pia hupandisha eosinofili! Kwa hiyo nampa mama kopo la choo na la mkojo, na namuuliza kama amemeza vidonge vya prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, karibuni, kwani hiyo huishusha hesabu. Akiwa na minyoo, itibiwe kwanza. Dupilumab yenyewe haianzwi kabla.

Mchana ni faili na simu tu.

Saa kumi nasoma tena masharti ya BOREAS, na hapo ndipo roho inaniuma. Mshiriki lazima awe amevuta sigara, angalau sawa na pakiti moja kwa siku miaka 10. Mama wa viazi karai asingepokewa, na wagonjwa wa moshi wa jikoni ninao wengi. Nimemwomba daktari wetu tuandike miaka ya jiko la makaa kwenye kila faili, kama tunavyoandika ya sigara. Amekubali. Kesho naanza na faili la huyu mama.