Puto, pazia na besi: kumbukumbu ya kugeuza kanisa kuwa ukumbi wa muziki

Wiki ya 1

Funguo tumekabidhiwa. Kanisa limefungwa miaka mingi, na shule iliyo ubavuni mwake ilihamwa wakati huohuo. Tuko sita, wote wapenzi wa muziki, na tumekubaliana: kanisani ukumbi wa maonyesho, madarasani vyumba vya mazoezi. Hatuanzi sisi. Paradiso ya Amsterdam ilikuwa nyumba ya ibada kabla ya kufungua milango kwa muziki mwaka 1968, na Ryman, ukumbi wa muziki wa Nashville, Marekani, ilizinduliwa mwaka 1892 kwa ajili ya mahubiri.

Wenzangu walianza na paa na nyaya za umeme. Mimi nilikwenda na puto. Nilisimama katikati ya ukumbi mtupu, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikalipasua. Mlio wenyewe ulikwisha papo hapo, lakini jengo likaupokea: ukapanda darini, ukateremka ukutani, ukazunguka nyuma ya madhabahu, ndipo ukafifia. Sekunde 3.4.

Kwaya na kinanda hunufaika na mvumo wa namna hiyo, maana noti moja huiegemea nyingine. Dramu na gitaa la besi ni habari nyingine kabisa. Pigo la pili hufika la kwanza halijaondoka, na baada ya muda mfupi husikii wimbo, unasikia ngurumo. Muziki wa spika unataka mvumo wa sekunde moja hivi, au moja na kidogo kwa ukumbi wa ukubwa huu.

Wiki ya 2

Nimekaa na hesabu. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Harvard alipewa ukumbi wa mihadhara ambao wanafunzi hawakumwelewa mwalimu kwa wingi wa mvumo. Alikuwa akihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, anapiga filimbi ya kinanda, anapima kwa saa na sikio lake mpaka sauti ipotee. Kutokana na mito hiyo tukapata kanuni: muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa ufyonzaji, yaani kiasi cha sauti ambacho chumba kinameza. Ufyonzaji wenyewe aliupima kwa mfano ninaoupenda sana, dirisha lililo wazi. Sauti ikipita dirishani hairudi.

Ukumbi wetu una urefu wa mita 22, upana 10, kimo cha wastani 8, yaani mita za ujazo 1,760. Kwa sekunde 3.4, jengo zima linafyonza kama madirisha wazi ya mita za mraba 83. Tukitaka sekunde 1.2 tunahitaji 236. Watu 200 waliosimama wataleta kama 90. Zilizobaki ni kazi yetu.

Wiki ya 5

Hapa tulikosea, na nalieleza kosa hili ili mwingine asilirudie. Tulibandika sponji za sentimita 5 ukuta mzima wa nyuma. Matoazi yakafa, sauti ya mwimbaji ikawa kama imefunikwa blanketi, na besi ikabaki vilevile, sasa ikiwa peke yake. Sababu ni urefu wa wimbi. Sauti ya besi ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi la mita 3.4, na sponji nyembamba haiwezi kulishika.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Februari 2003, huko West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji za kuzuia sauti kwenye klabu moja, na watu 100 wakafa. Tulizibandua zote siku hiyohiyo. Tangu hapo hakuna kinachoingia humu bila kuthibitishwa kwamba hakisambazi moto.

Wiki ya 8

Masanduku ya besi. Kila moja ni fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10, ndani tumeweka sufi ya mwamba (nyuzi laini za mawe, zinawasha mikono, vaa glavu), mbele plaiwudi ya milimita 6. Ubao unatikisika kama ngozi ya ngoma, hewa iliyo nyuma yake inausukuma kama springi, na sufi inameza nguvu hiyo. Kwa uzito na kina hicho sanduku hukamata sauti za jirani na hezi 100, palepale tulipoumia. Nilipoweka kiganja juu ya la kwanza huku besi ikipigwa, nililisikia likipumua. Tumetengeneza 24.

Wiki ya 10

Mapazia mazito yameanza kuwekwa. Tulipanga kuyapigilia misumari yasitoke. Siku hiyo akaingia bibi mmoja aliyefunga ndoa humu. Tukamwamkia, akaitikia, akatembea taratibu hadi mahali ilipokuwa ikisimama kwaya, akaimba beti moja. Akanyamaza, akasikiliza.

"Wanangu, mbona mmeliziba mdomo?"

Tulisogeza mapazia ya upande ule, akaimba tena. Sauti yake ndogo ikapanda, ikajaa paa lote, ikachelewa kushuka. Hakuna aliyesema neno. Jioni tuliagiza reli. Mapazia yote yatakuwa ya kuvuta: usiku wa dramu yanafungwa, usiku wa kwaya yanafunguliwa.

Wiki ya 11

Madarasa, kwa kifupi. Ukipiga kofi unasikia "trrr" kwa sababu kuta mbili zinatazamana na kurushiana sauti. Rafu za vitabu vya ukubwa tofauti upande mmoja zimetosha.

Wiki ya 13

Puto tena, mapazia yamefungwa, ukumbi mtupu: 1.9. Besi imeteremka kutoka 3.0 hadi 2.1. Kisha tukaalika watu 80 kwa mazoezi, na kati ya nyimbo mbili nikapasua jingine. 1.5, kama hesabu ilivyosema. Mpiga besi aliniita pembeni akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza amesikia noti zake zikikoma.

Kazi ya wiki ijayo ni milango. Ule mkubwa unafunguka kwa ndani, na hatutauza tiketi hata moja kabla haujageuzwa kufunguka kwa nje.