Wiki mbili za Wimbledon, nikibeti kutoka Kondele

Ligi za Ulaya zikifungwa mwezi wa tano, wabeti wa Kondele, mtaa wetu wa Kisumu, hawaendi likizo, wanahama mchezo tu. Mwaka 2025 kulikuwa na Kombe la Dunia la Vilabu kule Marekani, lakini mechi nyingi zilichezwa usiku, wakati watu wamelala au wanapaswa kuwa wamelala. Mchana ukabaki mtupu, na Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London, ni mchezo wa mchana. Saa tano asubuhi ya London, viwanja vidogo vinapofunguliwa, kwetu ni saa saba mchana. Centre Court, uwanja mkuu, inaanza saa tisa na nusu. Ghafla vijana ambao hawajawahi kushika raketi wakawa wanabishana kwenye stegi ya boda kuhusu sevu (mpigo wa kuanzisha pointi) ya Taylor Fritz.

Mimi ni fundi wa simu. Tenisi naielewa kuliko wengi hapa mtaani kwa sababu utotoni niliokota mipira kwenye viwanja vya kilabu kule Milimani, wikendi, kwa malipo ya soda na nauli ambayo hatukuipandia gari. Kwa hiyo Wimbledon ilipokaribia nilijua nitabeti, hilo sikujidanganya. Nilichotaka ni kufuatilia mashindano mpaka fainali nikiwa na kitu kidogo juu ya mechi, bila kugusa kodi ya nyumba wala pesa za vipuri. Nilifaulu, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza nilifanyaje, hii hapa.

Jambo la kwanza lilikuwa laini. Nilichukua laini yangu ya pili, ile niliyokwisha kuiondoa Fuliza (mkopo wa haraka wa M-Pesa), nikaitumia pesa 2,000 na kuziweka zote kwa waleti ya kampuni ya kubeti. Kisha nikaitoa laini kwenye simu nikampa mama watoto. Akaitia ndani ya mkebe wa majani chai, juu ya rafu, akasema, "Baba, hii utaiona mashindano yakiisha." Mtu anayejua kubeti ataelewa kwa nini: waleti unaweza kuifungua kwa simu yoyote, lakini kuongeza pesa ndani yake kunahitaji ile laini. Mbeti haangamizwi na dau la kwanza. Anaangamizwa na lile la saa tatu usiku la kurudisha lililopotea.

Pesa hizo sikuziweka Jumatatu ya ufunguzi, 30 Juni. Nilingoja Jumanne, na sababu ni ushuru. Mpaka siku hiyo serikali ilikuwa inakata asilimia 15 ya kila dau, na ukishinda inakata asilimia 20 ya ushindi. Sheria ya Fedha ya 2025 ilianza kazi tarehe 1 Julai na ikabadilisha mpango: asilimia 5 unapoweka pesa kwenye waleti, na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Wengi walishangilia kwamba ushuru umeshuka. Kweli umeshuka, lakini piga hesabu. Ukiweka 2,000 zinabaki 1,900. Ukibadilisha nia ukazitoa zote bila kubeti hata mechi moja, unapata 1,805. Umeshaacha 195 njiani na hakuna mpira uliopigwa.

Kampuni nayo ina chake. Mechi ya wachezaji wanaolingana utaona odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) ya 1.85 kila upande. Mimi nikiweka mia kwa huyu na wewe ukaweka mia kwa yule, kampuni imeshika 200 na italipa 185, awe nani atakayeshinda. Hizo 15 ni mshahara wao. Sisemi ni wizi, hata mimi nikibadilisha kioo cha simu sikibadilishi kwa bei niliyokinunulia Nairobi. Ila ukijua hivyo hutaingia ukidhani tenisi ni mahali pa kutafuta karo.

Sasa mkeka, yaani mechi kadhaa kwenye dau moja, na ukikosea moja tu umepoteza. Kwenye tenisi mkeka unavutia kuliko mpira wa miguu kwa sababu hakuna sare, halafu wachezaji wakubwa wanapewa odi za 1.10 na 1.12 katika raundi za kwanza. Unachukua sita wa 1.10, unapata karibu 1.77, na moyoni unasema hawa sita ni lazima. Jirani yangu kinyozi alitengeneza wa namna hiyo Jumanne. Alikuwa na Jessica Pegula, akapigwa na Elisabetta Cocciaretto 6-2, 6-3 kabla hata jua halijapungua. Kwenye mkeka mwingine alikuwa na Coco Gauff, bingwa wa Roland Garros kule Paris wa mwezi uliotangulia, na usiku Dayana Yastremska akamtoa kwa seti mbili. Alexander Zverev alikuwa ameanza Jumatatu, giza likawakuta, wakarudi Jumanne na Arthur Rinderknech akammaliza katika seti ya tano. Jumatatu yenyewe Daniil Medvedev alikuwa amekwisha kuondoka, na Holger Rune alimwachia Nicolás Jarry mechi akiwa ameongoza seti mbili. Raundi ya kwanza ilipofungwa, wachezaji 23 kati ya wale 64 waliopangwa kuwa bora walikuwa wamefungasha virago: wanaume 13, wanawake 10.

Kusema kweli hilo lilinishangaza hata mimi. Siku zote nimeamini mechi ya wanaume ni salama zaidi kwa mkubwa, kwa sababu seti tano zinampa muda wa kurekebisha mambo, kuliko wanawake wanaocheza seti tatu. Mwaka huo wanaume ndio walioanguka zaidi. Nyasi zina mambo yake. Mpira haurukii juu, unateleza chini, na mtu mwenye sevu kali anaweza kumsumbua yeyote kwa alasiri moja. Wengi pia wanatoka udongo wa Paris wakiwa na wiki tatu tu za kujizoeza.

Kwa hiyo nilikuwa na mechi moja kwa siku, dau la mia, na siku isiyo na mechi niliyoielewa sikuweka. Mara nyingi sikumchagua hata mshindi. Nilitafuta idadi ya gemu, vile vipande vinavyounda seti: zitakuwa nyingi au chache. Mkiwa na watu wawili wenye sevu nzito kwenye nyasi, kuvunjana sevu, yaani kushinda gemu ambayo mwenzako ndiye anayesevu, ni nadra na seti zinakwenda mpaka taibreki, gemu ya kuamua seti. Giovanni Mpetshi Perricard alipocheza na Fritz alipiga sevu ya maili 153 kwa saa, kilomita 246 hivi, kali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Wimbledon. Pointi yenyewe aliipoteza, na mechi pia akaipoteza kwa seti tano. Aliyechagua mshindi kwa kutishwa na sevu aliumia. Aliyesema gemu zitakuwa nyingi alilala usingizi mzuri.

Jambo ambalo watu hawasomi kabisa ni masharti ya mchezaji kujiondoa. Kwenye mpira wa miguu mtu akiumia anaingia mwingine. Kwenye tenisi akiumia mmoja, mechi imeisha, na hapo kila kampuni ina sheria yake. Kuna zinazorudisha pesa mechi isipofika mwisho. Kuna zinazosema seti ya kwanza ikishakamilika, anayesonga mbele ndiye mshindi. Mimi niliyasoma masharti ya kampuni yangu mchana mmoja nikingoja gundi ya kioo ikauke. Yamefichwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, lakini yapo.

Tarehe 7 Julai ilikuwa Saba Saba, siku ya maandamano Kenya. Sikufungua duka, na majirani wengi hawakufungua. Siku kama hiyo ni ya hatari kwa mbeti, maana uko nyumbani, una chaji, huna mteja. Tulikusanyika kwa kinyozi, mlango wa bati umefungwa nusu, na usiku ikaja mechi ya raundi ya nne, Jannik Sinner na Grigor Dimitrov. Sinner alikuwa nambari moja wa dunia na hakuwa amepoteza seti hata moja. Kinyozi, kwa kuchoshwa na mikeka ya wakubwa, aliamua kumchukua Dimitrov ashinde kwa odi kubwa. Mimi niliona Dimitrov ana mkono laini wa kupiga mpira wa kukata ambao kwenye nyasi unabaki chini, kwa hiyo nikaweka mia yangu kwamba atapata walau seti moja. Kijana wa duka la spea alikuwa na Sinner ndani ya mkeka wake, kwenye kampuni nyingine.

Sinner akaanguka gemu ya kwanza kabisa akaumia kiwiko. Dimitrov akachukua seti ya kwanza 6-3. Ya pili 7-5. Kinyozi alikuwa amesimama, mashine ya kunyolea mkononi na hakuna mtu kitini. Seti ya tatu, mbili kwa mbili, Dimitrov akapiga sevu ambayo haikuguswa, kisha akajishika kifua upande wa kulia akaketi chini. Sinner akavuka upande wa pili wa neti kwenda kumwona. Dakika chache baadaye Dimitrov alitoka akilia, mechi imekwisha.

"Omera," kinyozi aliniambia, "mtu anaongoza seti mbili, halafu wanasema ameshindwa?"

Nikamwambia afungue masharti. Kampuni yake ilikuwa ile ya kurudisha dau, na kweli lilirudi. Kijana wa spea, kwenye kampuni yake, Sinner alihesabiwa ameshinda, kwa sababu seti ya kwanza ilikuwa imekamilika. Alikuwa amekwisha kuomboleza mkeka, ukafufuka. Mimi nililipwa, maana seti niliyoitaka ilishaingia kabla ya jeraha. Watu watatu, mechi moja, matokeo matatu. Wakati huo mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu akauliza kama huyo Mbulgaria atapona. Tukaona haya kidogo. "Jaduong', ni msuli wa kifua," nikamjibu, "atakaa nje kwa muda."

Kubeti mechi ikiendelea sikujaribu, na sikulazimika kujizuia sana kwa sababu najua picha inavyosafiri. Refa aliyekaa juu ya kiti anabonyeza pointi kwenye kifaa chake na hesabu inafika kwa kampuni papo hapo. Picha unayoiona wewe kwa bando imepitia njia ndefu na imechelewa kwa sekunde kadhaa. Unapoona brek pointi, ile ya kuvunja sevu, na kukimbilia simu, wenzako wameshajua imekwendaje. Ukiona odi imefungwa ghafla ujue kuna kitu kimetokea ambacho bado hujakiona.

Wiki ya pili ilikwenda haraka. Sinner akampita Novak Djokovic kwa seti tatu, Carlos Alcaraz akamtoa Fritz. Kwa wanawake Amanda Anisimova alimwangusha Aryna Sabalenka, na mtaa ukaamini fainali itakuwa ndefu. Kijana wa spea aliweka gemu nyingi. Iga Świątek akashinda 6-0, 6-0 katika dakika 57, jambo ambalo fainali ya wanawake Wimbledon haikuwa imeliona tangu 1911. Nilikuwa nimeiacha mechi hiyo. Si kwa ujanja, sikuwa na picha yoyote ya Anisimova akicheza fainali kubwa.

Jumapili, 13 Julai, fainali ya wanaume ilianza saa kumi na mbili jioni yetu. Karibu Kondele yote ilikuwa na Alcaraz, kwa sababu ya ile fainali ya Paris mwezi wa sita, saa tano na dakika 29, alipookoa pointi tatu za ubingwa za Sinner. Nilimchukua Sinner. Aliyekaribia hivyo udongoni, nyasi zenye mpira wa haraka zingemfaa zaidi, ndivyo nilivyowaza. Akapoteza seti ya kwanza 4-6, kisha akashinda tatu mfululizo kwa 6-4.

Ilipofika saa tatu na kidogo usiku, wote walioshinda walikuwa wanahamisha pesa kwenda kwa Chelsea na PSG, fainali ya vilabu iliyoanza saa nne. Kinyozi aliniita niingie. Mimi nilikwenda nyumbani kuomba laini yangu. Waleti ilikuwa na 1,640. Nilizitoa, ushuru ukachukua 82, zikanifikia 1,558. Kwa hiyo wiki mbili zilinigharimu 442, na kati ya hizo 182 ni za serikali. Mechi zenyewe zilinila 260. Bei hiyo naiona sawa kwa burudani niliyoipata, na nilinunua tokeni za stima usiku uleule.

Wameniuliza kama nitafanya hivyo tena US Open. Hapana. Mechi za usiku za New York zinaanza saa moja jioni yao, ambayo ni saa nane usiku Kisumu, na saa mbili asubuhi wateja wangu wanataka simu zao.