Siku ya Maji Mafu na Mshipi Mwembamba

Saa 10 usiku. Mke wangu anachemsha mihogo, mimi natoka uani kuusikiliza upepo. Mwezi wa siku saba umeshazama. Leo ni maji mafu, mkondo ni dhaifu, na hizi ndizo siku zetu za kuvua. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huuburuta mshipi, uzi wetu wa kuvulia, inabidi ufunge chubwi zito, yaani kizamisho, ndipo ufike chini, na chubwi zito linataka mshipi mnene ambao samaki wanauona. Maji yakifa, chubwi dogo kama kokwa ya tende linatosha.

Saa 11 na nusu tumeshaswali na kusukuma ngalawa majini hapa Sahare, Tanga. Somo yangu, tuliyepewa jina moja na kuvua pamoja tangu ujana, anashika usukani. Natweka tanga, umande, upepo wa alfajiri utokao bara, unatutoa taratibu. Saa hii hatuzungumzi sana.

Saa 1 asubuhi, nje ya kisiwa cha Yambe. Mwamba tunautafuta kwa alama za wazee: ncha ya kisiwa, mnara wa taa wa Ulenge kule kaskazini, na milima ya Usambara nyuma kabisa. Zikikaa sawasawa, somo anasema, "Tupa," nami naitosa nanga.

Mwamba huu naupenda kwa uchungu. Miaka ile watu walipovua kwa mabomu, baruti ikilipuka hata mbali, tuliisikia kwenye mbao za chombo kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya maji. Siku moja walilipua hapa hapa. Nilipozamia nilikuta matumbawe yamekuwa kokoto, na samaki wadogo wamelala chali wasio na faida kwa yeyote. Sehemu kubwa ya pwani hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki wa kale, tangu 2009, lakini kwetu nafuu ilikuja doria zilipokazwa. Sasa changu wamerudi, na chewa wachanga nao wapo. Kila nikiwahisi kwenye kidole nashukuru.

Maana kazi yote iko kwenye kidole. Cha shahada nimekivisha kipande cha mpira wa baiskeli, mshipi unapita juu yake. Changu hudonoadonoa kwa haraka. Tasi huonja, huacha, hurudi. Kwa mshipi mnene wote wangekuwa mtikisiko mmoja tu. Hadi saa 4 tuna changu wa kutosha kapu moja, chambo ni vipande vya ngisi.

Saa 5 kasoro, somo anatunga kibua hai mgongoni na kunipa. "Huyu mwache atembee."

Hakuna aliyedonoa. Mshipi ulianza tu kuondoka.

"Kolekole! Mpe, somo, mpe!"

Nikampa mshipi. Kifungashio cha mshipi huu kimeandikwa kilo 7, ukiushikilia unakatika kama uzi wa cherehani. Mizunguko iliyolala sakafuni ikaruka mmoja mmoja, somo akiinua miguu yake isinase. Samaki akaelekea mwambani. Somo hakungoja nimwambie: akafungua nanga, akaiacha na boya lake, akapiga kafi kumzungukia ili avutwe kwenye maji ya wazi. Hapo ndipo unapojua unavua na nani. Mimi nina mikono miwili na yote iko kwenye mshipi. Chombo changu, na vidole vyangu, viko kwake.

Nusu saa nzima nilivuta pima mbili, nikatoa tatu. Alipogeuka ubavu chini yetu, aling'aa kama sinia. Somo akamwingiza kwa ndoano ya mkono, tukakaa kimya tukihema.

Saa 8 kaskazi inavuma, tunarudi na mawimbi, somo anakumba maji. Kwenye soko la samaki la Deep Sea mizani inasema kolekole ana kilo 9. Mnadi anapandisha bei, mama mmoja wa mgahawa anamnunua samaki. Fedha tunagawa mafungu matatu: la chombo, lake, langu. Changu wanne ni kitoweo cha nyumba mbili.

Saa 12 jioni, kibarazani. Nauosha mshipi kwa maji baridi, naupitisha taratibu kati ya kucha mbili. Pima mbili za mwisho zimekwaruzwa na matumbawe. Nazikata, nafunga ndoana upya.