Kumbukumbu ya mradi wangu: chupa sita za Chablis

Februari. Nimenunua chupa sita za Chablis, mvinyo mweupe wa Burgundy nchini Ufaransa, na daftari moja. Kila anayeinua glasi ya Chablis hapa Lyon hutaja ladha ya jiwe, nami nataka kujua jiwe hilo huingiaje kwenye mvinyo.

Chupa ya kwanza, Petit Chablis, yaani ya daraja la chini, niliisahau kwenye friza. Kizibo kilisukumwa nje, na kilichobaki kilikuwa baridi ya kutia ulimi ganzi. Daftarini kuna maneno mawili tu: "maji, ndimu".

Machi. Chupa mbili za Montmains, mteremko mmoja, mwaka mmoja, wakulima wawili. Ya kwanza ilichachuka na kukaa kwenye tangi la chuma. Niliponusa nikarudi Tanga: ukuta wa chokaa ulionyeshewa mvua. Nikasema basi, ni wale chaza! Maana miteremko bora ya Chablis, kando ya mto Serein, ni mfinyanzi na chokaa ya tabaka la Kimmeridge, iliyotuama chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita, imejaa magamba madogo ya chaza. Ukiinama shambani unayaokota.

Furaha haikudumu. Mzizi haunyonyi gamba. Hunyonya maji yenye madini machache yaliyoyeyuka, machache mno kwa ulimi kuyatambua. Kazi ya udongo ule ni nyingine: mfinyanzi hushika maji, chokaa hupitisha yanayozidi, mzabibu haufi kiu wala haulowi miguu. Ongeza baridi ya kaskazini mwa Burgundy, na Chardonnay, zabibu ya Chablis, huiva polepole, asidi yake ikiwa bado kali.

Montmains ya pili ilikaa kwenye mapipa ya mwaloni, mengine mapya. Vanila, mkate uliobanikwa, na ukuta wangu wa Tanga umepakwa rangi juu. Nilitaka kuandika kwamba mwaloni ni ugeni Chablis, kumbe zamani mvinyo wa huko ulikaa kwenye mapipa madogo ya lita 132, na matangi ya chuma yameenea juzi tu, karne ya 20 ikielekea ukingoni. Kinachofunika jiwe ni upya wa mbao. Pipa kuukuu halina la kusema.

Nimeongeza pia: ile harufu ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwaka, ambayo wengi huiita jiwe, mara nyingi ni misombo ya salfa. Huzaliwa wakati wa kuchachuka, na hubaki mvinyo ukikingwa na hewa. Hapo ni mkono wa mtu, si mwamba.

Mei. Chablis ya kawaida, mtengenezaji mmoja, 2018 na 2021. Mwaka 2018 ulikuwa wa joto. Mvinyo una pichi na tumbo nene. Aprili 2021 jalidi iliunguza machipukizi, ingawa wakulima waliwasha moto mashambani na wengine kunyunyizia maji ili barafu iyafunike, kisha kiangazi kikaja na ubaridi. Chupa hiyo ya 2021 ndiyo iliyojaa ladha ya chaza na chumvi, hadi mate yakanitoka. Udongo ni uleule.

Kwa hiyo nimefuta ukurasa wa Machi nilioupa kichwa "Chaza!", nikaandika "asidi" pembeni.

Chupa ya sita ni Les Clos, mojawapo ya mashamba saba ya grand cru, daraja la juu kabisa la Chablis. Muuzaji aliniambia niiache miaka mitano. Imelala chini ya kitanda, na mke wangu ameshaichungulia mara mbili.