Nilivyofanya vichwa vya almasi vidumu kliniki

Kichwa cha almasi cha kuchongea jino kikianza kuteleza, wengi husema almasi imeisha. Mimi nilijizoesha kukiangalia kwa lenzi kabla ya kukitupa. Vingi bado vilikuwa na punje zake za almasi, ila katikati yake pamejaa unga wa jino na mabaki ya dawa ya kuzibia. Vingine vilikuwa vimebaki na vishimo vitupu: punje zimeng'oka. Almasi yenyewe haiishi upesi. Kinacholegea ni nikeli inayoishika, kwa kuwa vichwa vya kawaida hupakwa nikeli kwa umeme juu ya chuma cha pua, nayo ikazizingira punje.

Basi nikaanza na maji. Turbini, yaani kifaa cha hewa kinachozungusha kichwa, huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na bila maji joto huumiza kiini cha jino, tena uchafu hauondoki kwenye punje. Maji yetu ya bomba yana chokaa, kwa hiyo ninatumia yaliyochujwa na kuzibua matundu ya kinyunyizio kila asubuhi. Mkono nao uwe mwepesi. Ukikandamiza, maji hayafiki panapochongwa na nikeli inabeba mzigo usio wake.

Kofia ya chuma iliyovikwa jino sikati kwa almasi, maana chuma laini hujipaka kati ya punje. Hapo ninachukua kichwa cha kabaidi ya tangsteni, metali ngumu yenye makali. Zirkonia, kauri ngumu ya kutengenezea kofia za meno, hula vichwa haraka, hivyo ina vyake na havichanganywi na vya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Kuondoa sehemu kubwa ninatumia chenye pete ya kijani, cha punje kubwa, kisha ninalainisha kwa chenye nyekundu, cha punje ndogo.

Mgonjwa akiinuka tu, vichwa vinapigwa brashi ndani ya maji kabla uchafu haujakauka, kisha vinaingia kwenye chombo cha mawimbi ya sauti, vinakaushwa ndipo viende otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Jiki nimeikataza kabisa, kwa sababu klorini huila nikeli.

Kuna pia vichwa vilivyooteshwa almasi moja kwa moja kwa gesi ya methani na haidrojeni, bila nikeli, vinavyochonga kwa mtetemo. Brazili wamevifanyia kazi sana. Ni ghali na vinakwenda polepole, lakini kwa watoto wanaoogopa mlio wa turbini ninaona vinastahili bei yake.