Pampu ya upepo inapiga, mafuta hayatoki

Wenzangu wa mashine za mawese hapa Kigoma, pampu ya diaframu (ile inayoendeshwa na hewa ya kompresa, ikisukuma mafuta kwa tando mbili zinazonepa, ndizo diaframu) ikipiga tu-tu-tu bila kutoa mafuta, usikimbilie kununua diaframu. Anza upande wa kuvuta. Hosi iliyochanika au klipu iliyolegea inaingiza hewa, na pampu inayovuta hewa haivuti mafuta. Kisha fungua valvu za mipira ya duara kama gololi: pampu nyingi zina minne, miwili chini, miwili juu. Nyuzinyuzi za chikichi zikikwama chini ya mpira, au kiti chake, pale mpira unapokaa kuziba, kikilika, mafuta yanarudi yalikotoka.

Asubuhi kuna jambo lake: mawese yaliyolala kwenye bomba yameganda. Pasha bomba moto, usiongeze presha.

Mafuta yakitokea kwenye sailensa, yaani pale hewa iliyotumika inapotokea, hapo sawa, diaframu imepasuka. Funga hewa, toa presha yote, badilisha zote mbili maana ya pili ina umri uleule. Chukua ya mpira wa naitraili au ya plastiki ya Tefloni. Ya EPDM, aina nyingine ya mpira, huvimba kwenye mafuta, hata muuzaji akikuapia kwamba "mpira ni mpira".

Pampu ikisimama kila baada ya muda, tazama sailensa: imeziba kwa uchafu au barafu. Ndiyo, barafu, Kigoma hii hii! Hewa iliyobanwa ikitanuka ghafla hupoa sana, unyevu wake ukaganda. Mwaga maji ya tenki la kompresa kila siku, funga kichujio cha maji kabla ya pampu, shusha presha kidogo. Kiwango cha juu cha presha kimeandikwa kwenye kibati cha pampu, kisome.