Kabla hujafungua hitisinki ya kadi ya grafiki

Wenzangu wa Tabora, vumbi la kiangazi likishaziba hitisinki (chuma cha kupozea chipu ya kadi ya grafiki) na feni ikaanza kulia, msikimbilie bisibisi. Washa kompyuta dakika 5 kwanza, pesti iliyokauka (krimu ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki) ilainike. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli, ndipo utoe kadi.

Skrubu 4 zinazozunguka chipu zilegeze kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja. Hitisinki ikigoma, izungushe kidogo kushoto na kulia, usiibandue kwa nguvu: waya wa feni bado umeshika chini yake.

Chipu hii kwa kawaida haina kofia ya chuma kama prosesa. Ni silikoni tupu, inavunjika kama kioo. Wakati wa kurudisha, ukikaza skrubu za upande mmoja kwanza, kona inaweza kumomonyoka na kadi imekwisha. Isafishe kwa spiriti na kitambaa laini, paka pesti nyembamba ienee chipu nzima.

Pedi za memori, vile vipande laini vya kupitisha joto kati ya memori na hitisinki, ndizo zinazowaponza wengi. Penye pedi ya milimita 1 ukiweka ya 2, hitisinki haigusi chipu. Ukiweka ya 0.5, memori inakosa kupozwa. Pima za zamani kabla hujazitupa, tafadhali.

Ukiwasha, joto likikimbilia nyuzi 90 ndani ya dakika moja, zima ufungue upya.